Farumi ya Pandora's Star: kwa nini riwaya hii inaanza polepole, na namna ya kuivuka

Lalamiko kuhusu Pandora's Star ya Peter F. Hamilton ni lilelile kila unapolisikia. Msomaji anaanza na hamu zote, anatua Mars pamoja na wanaanga, anaona nyota ikizimika, kisha anasubiri. Anasubiri kurasa mia, mia mbili, mia tatu. Kila akifungua sura mpya analetewa mtu mpya kwenye sayari mpya, na yule aliyeanza kumzoea jana haonekani tena. Siku moja anakiweka kitabu juu ya friji, na hapo ndipo kinapobaki.

Inauma, kwa sababu riwaya hii ya mwaka 2004 ni moja ya milango mizuri kabisa ya kuingilia kwenye opera ya anga, na watu wanaishia kizingitini. Upole wa mwanzo wake una sababu zinazoelezeka, na anayezijua hubeba kitabu kwa mkono mwepesi zaidi. Mabaharia wa mwambao wana neno linalofaa hapa: farumi, yaani mawe au mchanga unaowekwa chini kabisa ya jahazi ili upepo ukija lisipinduke. Hakuna abiria anayefurahia kutazama farumi ikipakiwa. Lakini tanga likishajaa, ndiyo inayoamua kama chombo kitasimama.

Mambo ya nusu ya kwanza ya riwaya yanatajwa hapa waziwazi. Ya nusu ya pili hayatafichuliwa.

Jina la aina hii ya hadithi, opera ya anga, halihusiani na kuimba. Mwaka 1941 mwandishi na shabiki wa Marekani, Wilson Tucker, alilitunga kama tusi kwa hadithi chakavu za vyombo vya anga, akizifananisha na michezo ya redio iliyokuwa ikidhaminiwa na kampuni za sabuni. Tusi likafutika, jina likabaki. Leo lina maana ya hadithi iliyotanuka pande zote: sayari nyingi, karne nyingi, watu wengi, na jambo linalotishia wote kwa pamoja.

Zamani hadithi hizi hazikuanza polepole. The Skylark of Space ya E. E. Smith ilitoka mwaka 1928 kwa mafungu kwenye jarida la Amazing Stories, na jarida lazima limshike mnunuzi mwezi huu ili arudi mwezi ujao. Mwandishi wa riwaya nene yuko kwenye soko tofauti. Mnunuzi ameshalipa kitabu kizima, kwa hiyo mwandishi anaweza kumkopa subira. Hamilton anakopa nyingi kuliko karibu kila mwandishi wa fani yake. Swali la haki ni kama analipa.

Analipa, ila marejesho yamegawanywa kwenye vitabu viwili. Kitabu cha pili, Judas Unchained cha mwaka 2005, si hadithi mpya yenye wahusika wa zamani. Ni nusu ya pili ya hadithi moja. Ukiviweka pamoja una karibu kurasa 2,000, na katika urefu huo kurasa 300 za mwanzo ni chini ya sehemu moja ya sita. Tamthilia ya vipindi sita ikitumia kipindi cha kwanza kututambulisha ukoo, hakuna anayelalamika. Kosa la wengi ni kuipima Pandora's Star kama riwaya kamili, wakitarajia mgogoro uive mahali ambapo riwaya ya kurasa 400 ingeuivisha.

Sasa tuone kilichopakiwa humo chini.

Utangulizi unatupeleka kwenye karne hii ya 21, wanaanga wa NASA wakitua Mars kwa mara ya kwanza. Rubani Wilson Kime anashuka na kumkuta kijana ameshafika kabla yao, ndani ya vazi la anga alilolitengeneza mwenyewe. Kijana huyo ni Nigel Sheldon. Yeye na mwenzake Ozzie Isaacs, wanafunzi wa California, wametengeneza mashine inayokunja anga na kufungua lango kutoka sehemu moja hadi nyingine. Siku hiyohiyo kazi ya Wilson inakufa. Nani atapanda chombo miezi na miezi wakati jirani anavuka mlango?

Tukio linapendeza lenyewe, kwa hiyo wengi hulisoma kama kionjo na kulisahau. Limebeba mzigo mkubwa. Hadithi inaporuka hadi mwaka 2380, wanadamu hawana kabisa utamaduni wa kuunda vyombo vya anga, kwa sababu kwa zaidi ya karne tatu hawakuvihitaji. Siku wanapokihitaji kimoja, inabidi wamtafute mzee aliyewahi kurusha. Mzee huyo ni Wilson, ambaye kwa sayansi ya wakati huo amesharudishwa ujanani mara kadhaa. Aliyelisahau tukio la Mars atashangaa kwa nini bosi wa kampuni anapewa amri ya chombo. Anayelikumbuka anajua kwamba mtu huyu amekaa karne tatu na kidonda.

Sura ya kwanza ndiyo yenye fumbo. Mtaalamu wa nyota asiye na jina kubwa, Dudley Bose, yuko kwenye sayari ya pembezoni akitazama nyota iliyo mbali zaidi ya miaka 1,000 ya nuru. Inatoweka. Hailipuki wala haififii, inakatika tu kama taa umeme ukikatika. Kitu kimeifunga pande zote, na jirani yake imefungwa vilevile. Nyota hizo mbili zinaitwa Dyson Alpha na Dyson Beta kwa heshima ya mwanafizikia Freeman Dyson, ambaye mwaka 1960 aliandika kwenye jarida la Science kwamba jamii yenye maendeleo makubwa sana ingeweza kuizungushia nyota yake mitambo ya kunasa nishati yote, na kwamba kwa aliye mbali nyota hiyo ingeacha kuonekana kwa mwanga na kubaki ikionekana kwa joto tu.

Hapa msomaji asiyezoea umbali wa anga hupoteza utamu, na ni bahati mbaya kwa sababu hesabu yenyewe ni nyepesi. Mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja, yaani karibu kilomita trilioni 9.46. Ukisimama ufukweni Kigamboni usiku wa mwezi Mei au Juni, anga likiwa safi, upande wa kusini utaiona Alpha Centauri, na mwanga unaokufikia jichoni uliondoka kule zaidi ya miaka 4 iliyopita. Sasa chukua nyota iliyo mbali miaka 1,000 ya nuru. Mwanga uliotoka huko mwaka 1331, Ibn Battuta alipofika Kilwa, utafika kwetu mwaka 2331. Kwa hiyo anachokiona Dudley ni habari ya zamani mno. Aliyeizima nyota aliizima wakati wanadamu hawajajua hata kwamba nyota ni majua.

Kwenye ulimwengu wenye malango linaongezeka jambo tamu zaidi. Ukivuka lango kwenda sayari iliyo karibu zaidi na ile nyota, utakuta imeshazimika miaka mingi. Ukivuka kwenda iliyo mbali zaidi, utaikuta bado inawaka, na ukiwa na subira ya miongo utaishuhudia ikizimika upya. Mtu anaweza kuchagua pa kusimama ili atazame tukio. Dudley alikuwa mahali sahihi kwa saa sahihi akiwa na darubini ya kawaida, na udhalili wake huo una maana baadaye.

Kutoka hapo swali la kitabu kizima linasimama: walio ndani walijifungia, au walifungiwa? Kama walijifungia, walikuwa wanakimbia nini? Kama walifungiwa, na nani, na kwa kosa gani? Jina la kitabu lenyewe linatoa dokezo. Katika visasili vya Wagiriki, Pandora ndiye aliyefungua chombo asichotakiwa kufungua.

Malango yana kikomo cha umbali, na nyota hizo ziko nje yake. Ndiyo sababu kinaundwa chombo kiitwacho Second Chance. Kuanzia uamuzi wa kukiunda hadi kufika kule ndipo penye kurasa zinazochosha wasomaji. Hamilton anafanya nini muda wote huo?

Anajenga reli, kwanza kabisa. Jumuiya ya wanadamu mwaka 2380 ina sayari zaidi ya 600 zilizounganishwa na malango, na kupitia malango hayo zinapita treni. Kampuni ya Sheldon na Ozzie, CST, ndiyo inayomiliki njia. Mtandao una umbo la mti: Dunia iko kwenye shina, kisha zinafuata sayari 15 za viwanda zinazoitwa Big15, ambazo ndizo makutano makubwa, kila moja ikiwa mikononi mwa ukoo wa matajiri. Kutoka hapo yanachipuka matawi kwenda sayari za awamu ya pili, na mbele zaidi vitawi vya awamu ya tatu. Sayari mbili ndogo zinaweza kuwa jirani angani lakini ili uende nyingine inabidi urudi hadi makutano, kama mkazi wa Mbagala anayekwenda Tegeta asivyoweza kukwepa kubadilisha gari njiani.

Mkazi wa Dar es Salaam anaielewa sehemu hii kuliko msomaji mwingine yeyote. Kwetu reli zimekuwa na vipimo vitatu: milimita 1,000 kwa reli ya kati ya zamani, 1,067 kwa TAZARA, na 1,435 kwa SGR iliyoanza kubeba abiria hadi Morogoro na Dodoma mwaka 2024. Behewa la TAZARA haliwezi kuserereka tu hadi kwenye reli ya kati. Mzigo unahamishwa, na kituo cha kuhamishia, kama kile cha Kidatu, kinakuwa na uzito usiolingana na ukubwa wa mji. Anayejua hilo anajua kwamba ramani ya kweli ya nchi inachorwa na njia. Kwenye Pandora's Star, mwenye lango ana uchumi, na siku ya vita lango ndilo linaloamua nani anaokolewa na nani anafungiwa nje. Kila ukurasa wa stesheni na ratiba unaokupigisha miayo kwenye robo ya kwanza unarudi baadaye ukiwa na damu.

Mzigo wa pili ni kifo. Kwenye jumuiya hii mwenye uwezo hurudishwa ujanani kila baada ya miongo kadhaa, na watu wa kawaida hulipia bima maisha yao yote ya kazi ili wafikie huduma hiyo. Kumbukumbu zao huhifadhiwa kwenye kifaa kidogo mwilini na nakala huwekwa ghalani. Mtu akiuawa, mwili mpya hukuzwa kutoka kwenye vinasaba vyake, kumbukumbu zinarudishwa, naye anaendelea na maisha akiwa amepoteza tu siku ambazo hazikuwahi kunakiliwa. Sasa hofu inatoka wapi kwenye hadithi ambayo wahusika hawafi? Mwandishi asipoweka sheria mapema, kila mapambano ya baadaye yatakuwa mchezo wa watoto.

Hamilton anaiweka kwa kesi ya mauaji ambayo kwa juu haina uhusiano na nyota wala chombo. Mpelelezi Paula Myo, mtu aliyeundwa kwa vinasaba kwenye sayari ambayo kila mtu huzaliwa na kazi yake, anaitwa kwenye sayari ya Oaktier kuchunguza watu wawili waliotoweka miongo kadhaa nyuma. Watu hao wapo, wamerudishwa kwenye uhai, wanahojiwa kuhusu vifo vyao wenyewe, na hawakumbuki kitu. Wengi huiruka kesi hii wakidhani ni nyama ya ziada. Usiiruke. Ndani yake unajifunza nakala inahifadhiwa wapi, nini kinapotea, kuua kunaadhibiwaje pale aliyeuawa anaposimama mahakamani, na kusimamishiwa uhai kwa miaka mingi ni adhabu ya aina gani. Unamjua pia Paula: hana uwezo wa kuachia kosa lipite. Kwa zaidi ya karne amekuwa akimwinda Bradley Johansson, kiongozi wa kundi la Guardians of Selfhood linaloamini kwamba kiumbe kiitwacho Starflyer kinawaendesha wanadamu kwa siri. Ni wendawazimu au wanajua wasichojua wengine? Usipoijua tabia ya Paula kwenye kesi ndogo, hutaisikia sauti ya ufa unapoanza kwenye kesi kubwa.

Mzigo wa tatu ni watu wa kawaida, na hapa upole unamponza mwandishi mara kwa mara. Yumo Mark Vernon, fundi na baba wa watoto wawili, anayechoshwa na foleni za mji wa viwanda na kuhamia na familia yake mji mdogo wa Randtown kwenye sayari ya Elan. Kwa muda mrefu hafanyi lolote la maana. Andika jina Randtown pembeni mwa ukurasa na uendelee.

Uzi ulio mgumu kuliko yote ni wa Ozzie. Yule mvumbuzi wa malango anaamua kwenda kutafuta majibu kwa miguu, kupitia njia za msituni za viumbe waitwao Silfen, njia ambazo ukitembea unajikuta kwenye sayari nyingine bila kujua umevuka lini. Wazo ni zuri sana: aliyegundua mlango wa haraka kuliko yote anarudi kwenye mwendo wa unyayo. Utekelezaji una urefu usiostahili. Sehemu ya barafu, hasa, ingeweza kukatwa nusu na hakuna ambaye angeikosa. Vivyo hivyo maelezo ya mandhari, mavazi na vyumba vya kulala vya matajiri, na namna baadhi ya wanawake wanavyoelezwa kwa sura kabla ya akili. Hiyo si farumi, ni mizigo ya nahodha mwenyewe. Msomaji anayepita haraka kwenye aya hizo hapotezi kitu. Uzi wenyewe wa Ozzie, hata hivyo, ushike, kwa maana kitabu cha pili kinauhitaji.

Tukilinganisha na kazi nyingine tunaona kwamba kuanza polepole ni chaguo. Shaaban Robert alikuwa na tatizo hilohilo mwaka 1951 alipoandika Kusadikika, nchi iliyo angani. Alihitaji msomaji aijue nchi ambayo haipo. Akamweka Karama kizimbani, na kila anachosema kujitetea kinatufunulia Kusadikika, mjumbe mmoja baada ya mwingine, kuanzia safari za pande nne za dunia hadi za mbinguni na ardhini. Nchi na mgogoro vinaingia kwa mlango mmoja, na kitabu kinabaki chembamba. Kwa upande wa pili, washairi wa tendi, tangu Utendi wa Tambuka ulioandikwa Pate mwaka 1728, hawakuona aibu kumsubirisha msikilizaji: Mungu kwanza, wino na karatasi baadaye, ndipo vita. Msikilizaji alijua adabu ya fani na alitulia.

Katika opera za anga za karibuni, mfano wa kinyume ni Leviathan Wakes ya mwaka 2011, ya waandishi wawili wanaotumia jina moja la James S. A. Corey. Ni mwanzo wa mfululizo wa riwaya tisa zilizokamilika mwaka 2021. Ukiacha kipande cha mwanzo na cha mwisho, sura zake zinapokezana kati ya watu wawili tu, nahodha na mpelelezi, na mambo yote yanatokea ndani ya mfumo wa jua letu. Mwendo ni mkali tangu mwanzo. Bei yake ni kwamba ulimwengu unaujua kwa kupita vitabu, na vitabu vya mbele ndivyo vinavyobeba kazi ya kuupanua. Hamilton ameilipa kazi hiyo yote mwanzoni. Kwa msomaji anayeingia mara ya kwanza kwenye fani hii na anayejijua hana subira, Leviathan Wakes ndiyo pa kuanzia, kisha arudi kwa Hamilton akiwa na misuli.

Kuhusu muda, tufanye hesabu badala ya kuogopa unene. Toleo la kawaida lina kurasa kati ya 900 na 1,000 hivi. Chukua 950, na maneno yapatayo 380 kwa ukurasa: ni maneno 361,000. Anayesoma Kiingereza kwa maneno 200 kwa dakika atatumia kama saa 30. Kwa dakika 45 kila siku, mfano ukipata kiti kwenye mwendokasi kati ya Kimara na Kivukoni, ni siku 40. Kwa maneno 150 kwa dakika, ambayo ni kasi ya kawaida kwa lugha ya kujifunza, ni kama siku 54. Mwezi mmoja na nusu hadi miwili, basi. Anayepanga kukimaliza kwa wiki mbili ndiye anayekasirika kwenye ukurasa wa 250, kwa sababu ratiba yake ilikuwa ya kitabu kingine.

Kinachoharibu zaidi ni mapengo. Sura ni chache na ndefu, na ndani ya sura moja hadithi inaruka kutoka sayari hadi sayari kwa kuacha nafasi tu kati ya aya. Ukifunga kitabu katikati ya kipande, kesho utaanza bila kujua uko wapi. Funga kwenye nafasi hizo. Ukikaa zaidi ya siku nne bila kusoma, usiendelee mbele kabla ya kupitia daftari.

Ndiyo, daftari, kurasa mbili zinatosha. Usiandike kila jina, maana hilo ndilo kosa linalowaua wenye bidii: wanajaza majina 60, wanachoka, na 45 kati ya hayo hayarudi. Andika nyuzi. Dudley na nyota. Wilson na chombo. Paula akimwinda Johansson pamoja na mtu wake wa silaha, Adam Elvin. Ozzie na njia za msituni. Sayari ya Far Away, ambako kijana Kazimir anakutana na Justine Burnelli. Mark na Randtown. Mellanie, msichana ambaye mwanzoni anaonekana pambo na ambaye inafaa kumwangalia kwa makini. Wanasiasa na koo za matajiri, wote kwenye fungu moja. Kwa kila uzi andika mambo manne: yuko sayari gani, anamfanyia nani kazi, anataka nini, na ukurasa ulipomwacha. Mhusika mpya akitokea, subiri aonekane mara mbili ndipo umwandike.

Kwenye simu kazi ni rahisi zaidi: tafuta jina ndani ya kitabu uone lilipotajwa mara ya kwanza. Usilitafute jina hilo kwenye intaneti. Sentensi ya kwanza ya maelezo ya mhusika huwa inataja alivyoishia.

Maneno ya kubuni yatakusumbua kama kurasa 50 hivi. "Unisphere" ni mtandao wa mawasiliano wa jumuiya nzima. "E-butler" ni programu inayomhudumia mtu binafsi, inayopokea simu zake na kumtafutia habari, kama akili mnemba ya mfukoni. "Re-life" ni kule kurudishwa kwenye uhai baada ya kuuawa, na "rejuvenation" ni kurudishwa ujanani ukiwa hai. Watu huzichanganya hizi mbili, kisha kesi ya Oaktier inawapotea kabisa.

Kuna mahali pa haki pa kuacha. Vumilia hadi chombo kifike kwenye nyota, na baada yake usome ile sura ndefu inayosimuliwa kutoka upande wa kiumbe ambaye si mwanadamu. Iko baada ya kuvuka katikati ya kitabu, na ni kati ya sura bora ambazo fani hii imewahi kutoa: akili ngeni kabisa, yenye mantiki yake kamili, isiyokuwa na neno wala nafasi kwa mtu mwingine. Kutoka hapo mwendo unabadilika na haurudi nyuma. Kama sura hiyo imekupita bila kukugusa, rudisha kitabu kwa roho nyeupe.

Kwa wanaonunua vitabu vya mitumba barabarani Posta, mambo matatu ya kuangalia. La kwanza, jina: Judas Unchained ni cha pili, na mara nyingi kava haisemi hivyo kwa maandishi makubwa. La pili, kurasa za mwisho: vitabu vinene vya karatasi laini hupasuka mgongo, gundi ikikauka kwa joto na fukuto la pwani, na kurasa za nyuma ndizo zinazodondoka kwanza. Vikunje taratibu na uhakikishe mfuatano wa namba hadi mwisho. La tatu, usianze na The Dreaming Void ya mwaka 2007 kwa sababu tu umeiona kwa bei nzuri. Hiyo inafungua mfululizo mwingine, uliofuatiwa na The Temporal Void mwaka 2008 na The Evolutionary Void mwaka 2010, ambao upo kwenye ulimwengu huohuo zaidi ya miaka 1,000 mbele, na itakumalizia siri za vitabu viwili vya kwanza. Misspent Youth ya mwaka 2002 nayo iko kwenye ulimwengu huo, mapema zaidi, lakini inaweza kusubiri au kuachwa.

Usikinunue cha kwanza kabla hujajua cha pili utakipata wapi. Pandora's Star haimaliziki, inakatika. Kwenye kurasa za mwisho vita bado mbichi, mwongo hajajulikana, na mmoja wa watu uliowavumilia kwa muda mrefu kuliko wote anaachwa akiwa hewani, kwa maana halisi ya neno hilo.